Pua ya gari haitaki barakoa, inataka kitambaa kibichi

Anayesafiri na gari la kulala ndani anaijua ile sauti. Jua linakaribia kuzama, barabara imenyooka, joto limepungua, mara: tap. Kisha tap-tap. Baada ya robo saa ni kama mvua ya punje. Ukifika pa kulala na kushuka, unakuta nondo, mbu, nyuki na vitu visivyotambulika tena vimebandikwa kuanzia bampa hadi juu ya paa. Umechoka, una njaa, unajiambia utaosha kesho.

Hiyo "kesho" ndiyo ninayotaka kuigombeza hapa.

Nikianza kumiliki gari la aina hii niliamini tatizo ni mdudu kugonga. Kwa hiyo nikatafuta ngao. Nilinunua ile barakoa nyeusi ya plastiki laini inayofungwa kwa mikanda mbele ya boneti, nikaipenda kweli, gari likawa na sura ya kazi. Nilizunguka nayo msimu mzima bila kuivua. Nilipoivua nilikuta chini yake vumbi jekundu, unyevu, na kwenye kingo zote mstari mpana uliofifia, umekwaruzika kama uliopigwa msasa. Na ndicho kilichotokea: upepo wa barabarani huitikisa barakoa mfululizo, vumbi linaingia katikati, na kila mtikisiko ni pasi moja ya msasa juu ya klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi. Wadudu walikuwa wamefanya madoa. Mimi nilikuwa nimefanya uharibifu.

Tangu hapo nimebadili msimamo. Siamini tena katika kumzuia mdudu asiguse gari. Naamini katika kufupisha muda anaokaa pale.

Kuna sababu ya kimaumbile inayofanya magari yetu yaokote wadudu kuliko magari madogo. Gari dogo lina kioo kilicholala. Hewa hupanda juu yake taratibu, na mdudu mwepesi hubebwa na hewa hiyo akapita salama. Mdudu mzito, kama nyuki au nondo mnene, hawezi kukunja kona haraka hivyo, basi hugonga. Sasa tazama gari lenye kitanda juu ya chumba cha dereva: ni ukuta unaokimbia. Hewa inageuka ghafla mno, na hata wepesi wengi hawawahi kupinda nayo. Ndiyo maana lile paji la uso juu ya kioo huwa chafu kuliko boneti, na ndiyo maana pia vile vikinga vya plastiki vinavyosimama kwenye ukingo wa boneti naviona havina kazi kubwa kwetu. Kwenye gari lenye boneti ndefu huenda vikasaidia kidogo. Kwenye van yenye pua fupi, hewa inayorushwa na kile kipande cha plastiki inaishia kwenye kioo au kwenye paji hilohilo.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ukishuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80, umeipunguza kwa asilimia 36. Mdudu aliyegonga polepole huacha doa dogo, na hapasuki akatapanya majimaji yake yote. Simwambii mtu aendeshe kama anasindikiza harusi, lakini ile saa moja ya machweo, wakati wadudu ni wengi hewani, mimi hupunguza mwendo au husimama kabisa nikapika.

Turudi kwenye muda. Kusini-mashariki mwa Marekani, hasa Florida na majimbo yanayopakana na Ghuba ya Meksiko, kuna nzi mdogo mweusi, kitaalamu Plecia nearctica, ambaye watu wa huko humwita mdudu wa mapenzi kwa kuwa huruka wawili wawili wameshikana. Hujitokeza kwa makundi makubwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na tena Septemba, na hupenda sana kuelea juu ya barabara kuu. Akipasuka kwenye gari, majimaji yake mwanzoni karibu hayana ukali wowote. Kipimo cha pH ni karibu 6.5. Yakiachwa siku moja hushuka hadi karibu 4, yaani yanageuka tindikali. Jua linayaoka juu ya rangi, na alama inaingia ndani ya klia. Unaweza kuosha baadaye ukatoa mzoga wote, na kivuli chake kikabaki.

Umeona hoja yangu? Doa la saa mbili na doa la siku mbili si kitu kimoja.

Kwa wale wanaosubiri dawa ya kumaliza kabisa, kuna kisa ninachokipenda. Wahandisi wa ndege nao wana ugomvi na wadudu, kwa sababu mabaki kwenye ukingo wa bawa huvuruga mtiririko laini wa hewa, na ndege inakula mafuta zaidi. Mwaka 2015 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipeleka ndege ya Boeing 757 mjini Shreveport, jimboni Louisiana, mahali palipochaguliwa kwa wingi wa wadudu, ikajaribu mipako isiyonatisha. Mpako uliofanya vizuri ulipunguza idadi ya wadudu na mabaki yao kwa takriban asilimia 40. NASA, na bajeti yake, asilimia 40. Basi mtu akikuuzia chupa ya spreyi akaapa kwamba hakuna mdudu atakayeganda, mwangalie tu, umuage vizuri.

Nta hata hivyo ninaitetea. Haizuii mgongano, wala haikuahidi hivyo. Kazi yake ni kuwa kati ya doa na rangi, ili kesho kitambaa kiteleze badala ya kukwama. Kabla ya safari ndefu napaka tabaka mbili mbele tu, nyuma sijishughulishi. Kama mbele ya gari lako ni faibaglasi, jambo hili ni muhimu maradufu, maana faibaglasi ikizeeka inakuwa na unga unga na vinyweleo, na doa linazama humo kama chai kwenye kitambaa cheupe. Ing'arishe kwanza, ndipo upake nta. Ile filamu angavu ya kubandika ni nzuri kwa paji na ukingo wa boneti ukiwa na uwezo nayo. Wadudu wataganda juu yake vilevile, ila siku ikiharibika unabandua filamu, hubandui rangi.

Wavu mbele ya rejeta ni habari nyingine, na hapo nakubaliana na wenye ngao. Mabawa na miguu ya panzi vikijaa kwenye mapezi ya rejeta na kondensa ya AC, hewa haipiti, na gari letu zito likianza kupanda mlima sindano ya joto inapanda nalo. Wavu wenye matundu ya wastani, uliofungwa nyuma ya grili, unasaidia. Wa matundu madogo mno ni rejeta iliyozibwa mapema. Na kabla hujafunga chochote mbele, angalia kama gari lako lina rada ya kupima umbali nyuma ya grili au nembo. Ukiifunika, breki za kujiendesha na kidhibiti mwendo vinaweza kuchanganyikiwa. Rejeta yenyewe ioshe kwa maji ya mpira yasiyo na kishindo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, injini ikiwa imepoa. Mashine ya maji ya nguvu hukunja yale mapezi kama karatasi.

Sasa kuosha kwenyewe. Chukua taulo kuukuu, lichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya gari, lilaze juu ya madoa, uende ukatandike kitanda. Dakika kumi zinatosha, zikizidi kidogo hakuna neno ilimradi lisikauke. Ukirudi futa kuelekea chini, suuza taulo, rudia palipobaki. Hakuna kusugua. Ukijikuta unasugua, maana yake hukuloweka vya kutosha.

Najua kuna wanaotumia sponji ya jikoni yenye upande wa kijani, na wale wa vile vikaratasi vya kunukisha nguo kwenye mashine ya kukaushia. Vyote vinatoa wadudu. Vinatoa na mng'aro. Nami nina dhambi yangu: dirisha dogo la mbele la chumba cha kitanda nililipulizia dawa ya kawaida ya kusafishia vioo, nikajipongeza. Lile dirisha si kioo, ni akriliki, kama yalivyo madirisha mengi ya upande wa makazi kwenye magari haya, na akriliki haielewani na alkoholi wala amonia. Baada ya muda yakatokea manyufa membamba kama nywele, ambayo bado ninayo hadi leo na huyaona kila asubuhi nikifungua macho. Taa za mbele nazo ni plastiki. Zipe taulo lilelile na uvumilivu uleule. Ukiwa barabarani usiwashe wipa kwenye kioo kikavu, utapaka uji mbele ya macho yako; mwaga maji kwanza, mengi.

Kuna jambo linanikera katika haya yote, na sijui niliweke wapi. Nchini Denmark mtafiti mmoja alihesabu wadudu waliogonga kioo cha gari lake kuanzia 1997 hadi 2017, na kwenye kipande kimoja cha barabara walipungua kwa asilimia 80. Ujerumani, utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha uzito wa wadudu warukao katika hifadhi ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27. Kwa hiyo kuna jioni ninafika, natazama mbele ya gari, ni safi, na badala ya kufurahi nasimama pale kidogo na taulo mkononi.

Lile taulo, kwa taarifa, lilikuwa jeupe.