Hosipawa 216 za nini? Utamu wa supabaiki mpya ulipo hasa

Ukifuatilia supabaiki, yaani pikipiki za mbio zenye injini kubwa, zinazotoka miaka hii utakuta ubishi mmoja hauishi. Kuna wanaosema mashine ya maana ni ile yenye hosipawa (kipimo cha nguvu ya injini) nyingi na kompyuta kila kona, Ducati Panigale V4, BMW M1000RR na wenzao, na kuna wanaosema kompyuta zimemnyang'anya dereva kazi yake na hizo nguvu zote hakuna anayezitumia. Mimi kwenye kompyuta nasimama na hawa wa kwanza, kwenye hosipawa nasimama na wa pili, na ntasema kwanini.

Tuanze na nguvu maana ndo inayovuta watu. Panigale V4 ya 2025 ina hosipawa 216 na uzito wake bila mafuta haufiki kilo 195. Boxer ya cc 150 tunayoiona kila kijiwe ina kama 12 hivi, yaani hii moja imebeba nguvu ya Boxer 18. Na sio nguvu tupu, wale Waitaliano wameumiza kichwa kweli kweli. Krankshafti yake, yaani ule mhimili wa ndani ya injini unaozungushwa na pistoni, inazunguka kinyume na magurudumu, kwasababu kitu kizito kikizunguka kwa kasi kinakuwa kigumu kulazwa, sasa krankshafti ikizunguka upande mmoja na matairi inaongeza ugumu, ikizunguka kinyume inaupunguza, kwaiyo pikipiki inalala kwenye kona kirahisi zaidi na ukivuta mafuta tairi la mbele halina haraka ya kunyanyuka. Alafu vile vibawa vya pembeni, kwenye toleo la 2020 Ducati wenyewe walisema vinakandamiza pikipiki chini kwa karibu kilo 30 ukiwa kilomita 270 kwa saa. Mtu akiniambia hiki kitu hakisisimui kwa kweli simuelewi.

Ila hebu tuulizane, hiyo 270 unaipata wapi? Supabaiki ya cc 1000 inapita kilomita 130 kwa saa ikiwa bado gia namba moja, na mjini huku kwetu mwisho ni 50, alafu kuna matuta yasiyo na alama, kuna mchanga kwenye kona, kuna mtu anavuka na mkokoteni. Unabaki na mashine ambayo ukiiendesha vizuri inavyotakiwa unakuwa umeshavunja sheria na umeshaweka roho ya mtu mwingine rehani, na ukiiendesha kistaarabu inakuchoma miguu na kukuumiza viganja bila kukupa chochote.

Kuna watakaosema basi ipeleke kwenye mbio ndo utaona tofauti. Sawa, twende kwenye mbio. Pale Isle of Man, kisiwa cha katikati ya Uingereza na Ireland, wanafunga barabara za kawaida kila mwaka na raundi moja ni kama kilomita 60.7. Mwaka 2023 Peter Hickman akiwa na BMW M1000RR aliweka rekodi ya raundi, wastani wa maili 136.358 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 219. Mwaka huohuo Michael Dunlop na Yamaha R6, pikipiki ya cc 600, akapita maili 130, wastani wake ulikuwa 130.403, kama kilomita 210. Tafakari hapo, R6 ina nguvu kidogo tu kuzidi nusu ya ile BMW, ila tofauti ya wastani haifiki kilomita 10 kwa saa, na hawa ni watu wawili kati ya wakali kabisa duniani kwenye barabara za namna ile! Kwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe hizo hosipawa za juu hazigusiki kabisa. Najua upande wa pili watasema kwenye mbio hata sekunde moja ni kitu, ni kweli, lakini hapo tunaongelea mtu anayelipwa kutafuta hiyo sekunde.

Sasa cha kusikitisha R6 yenyewe iliondolewa barabarani Ulaya mwishoni mwa 2020, sheria za moshi za Euro 5 zilipoanza. Miaka kama minne watu wa Yamaha wakakaa bila supasporti (pikipiki ya mbio) ya kukaa kati ya R7 yao ndogo na R1 yao kubwa, mpaka Oktoba 2024 ilipotangazwa R9, na hapa ndo naona utamu wa kizazi hiki ulipo. R9 ina silinda tatu, cc 890, hosipawa zake ni kama 117, karibu sawasawa kabisa na R6 ya mwisho. Tofauti iko kwenye namna zinavyokuja. R6 ilikuwa inafika kilele kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika, R9 inafika kwenye 10,000 tu, na kwenye nguvu ya kuvuta, inayopimwa kwa Nm, R6 ilikuwa na Nm 61.7 wakati R9 ina 93 na unaipata kwenye mizunguko 7,000. Maana yake ni kwamba ukitoka kwenye kona gia ya tatu mwendo wa kawaida, R6 ilikuwa inakuambia subiri kwanza mpaka uipigishe kelele, R9 inaondoka palepale. Na wasiseme ni pikipiki ya wazee, mwaka 2025 Stefano Manzi amechukua nayo ubingwa wa dunia wa Supersport, mwaka wa kwanza wa R9 yenyewe kwenye mashindano. Kule Marekani ilianza kuuzwa dola 12,499, Panigale inafika mara mbili ya hapo.

Wapenzi wa silinda nne wana hoja yao na naiheshimu. Ule mlio wa R6 ikipanda kuelekea mwisho silinda tatu haiwezi kuutoa. Ndo maana Kawasaki walipoleta ZX-25R mwaka 2020, cc 250 silinda nne inayozunguka mpaka 17,000 hivi, watu walishangilia, na sio kwa sababu ya spidi.

Nirudi kwenye kompyuta, maana hapa wanaopinga ndo naona wanakosea. Yamaha walipoleta R1 ya 2015 waliweka sensa ya IMU inayopima mzunguko pande tatu na msukumo pande tatu, kwaiyo pikipiki inajua muda wote imelala kiasi gani, imenyanyuka au inaserereka. Zamani ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia tairi lisijifunge, ilikuwa haijui kama uko wima au umelala, ukishika breki ghafla katikati ya kona tairi lilikuwa linaweza kukosa mshiko ukaenda chini. Ya sasa inajua, inapunguza breki kulingana na ulivyolala. R9 nayo ina sensa ya aina hiyo. Wanasema eti inaua ufundi wa dereva, lakini mbona bado unachagua mwenyewe mstari, bado unaamua ukate mafuta wapi, ikikusaidia ni pale ambapo zamani ungeamkia hospitali.

Pale ninapowakubalia ni kwenye matengenezo. Sensa ikifa huku kwetu fundi mwenye kompyuta ya kuisoma ni wa kutafuta kwa tochi, na pikipiki inaweza kukaa chini ya turubai miezi ikisubiri kifaa kidogo kutoka nje. Hilo ni tatizo la kweli na mtu akichagua pikipiki ya zamani kidogo kwa ajili hiyo simlaumu.

Kama unaishi karibu na uwanja kama Kyalami kule Afrika Kusini na hela ipo, chukua cc 1000, utaielewa. Hata MotoGP wenyewe, yale mashindano ya juu kabisa ya pikipiki duniani, kuanzia 2027 wanashusha injini kutoka cc 1000 hadi 850 na kupunguza vibawa, kwahiyo wanaoona pikipiki ndogo ni kurudi nyuma wajaribu kwanza R9 siku moja kwenye barabara yenye kona nzuri, asubuhi mapema magari yakiwa machache.