Choya, ubuyu na vidonge: nini hasa kinaongeza damu?

Jioni katika Soko la Majengo hapa Dodoma, chupa za juisi ya choya hujipangia zenyewe wateja kwa rangi tu. "Hii inaongeza damu, dada," muuzaji akasema, na dada mwenye mimba ya miezi sita akanunua mbili. Kipimo cha damu (hemoglobini) kwenye kadi yake ya kliniki kilisomeka 9.8, wakati kwa mjamzito kiwango kikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa upungufu wa damu. Mkobani alikuwa na vidonge vya madini chuma na foliki alivyopewa bure. Vinamchafua tumbo, akaniambia. Choya haimchafui.

Wataalamu wa lishe wengi wangecheka. Mimi sicheki sana, kwa sababu chuma peke yake hakijengi damu. Protini yenye madini ya shaba ndiyo inayokiandaa chuma ili kisafirishwe hadi kwenye uboho wa mifupa unakotengenezwa damu, na shaba ikipungua, chuma hukwama ghalani huku mtu anaishiwa damu. Vitamini A ikikosekana, mambo ni hayohayo. Halafu kuna ulinzi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi ikibeba oksijeni, na oksijeni hiyohiyo huiunguza. Seleniamu imo ndani ya kimeng'enya kinachozuia kuungua huko, na vitamini E hulinda utando wa chembe. Watoto njiti waliopungukiwa nayo chembe zao zimewahi kupasuka. Hizo ndizo antioksidanti zinazotajwa kwenye kila tangazo la virutubisho.

Hoja hiyo ina uzito zaidi kwa mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipa chembe nyekundu umbo la mundu. Chembe zake hufa ndani ya siku 10 hadi 20, kwa hiyo tatizo lake kubwa ni chembe kuharibika kabla ya wakati. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha glutamini, aina ya asidi amino, kwa wagonjwa hao, kwa kuwa inasaidia chembe kujikinga na uunguzaji. Kumjazia mgonjwa wa namna hii vidonge vya chuma bila kupima ni kubahatisha.

Na chuma chenyewe si maji ya kunywa. Kisiwani Pemba watoto wadogo walipewa chuma na foliki kama kinga mahali penye malaria nyingi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2006 yakaonyesha kwamba waliopewa walilazwa au kufa zaidi ya wenzao.

Lakini dada wa Majengo si mtoto wa Pemba, wala hana selimundu. Mimba inadai chuma, na choya ina kidogo mno. Wekundu wake ni rangi ya ua, si damu. Hata usaidizi wake una pande mbili: ukali wake husaidia chuma kufyonzwa, ilhali polifenoli zake, yaani kemikali za asili za mmea, hukishika kisifyonzwe. Makopo ya "madini yote" yanayouzwa mtaani ndiyo yananiudhi zaidi. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe, na mtu anaweza kupata upungufu wa damu kutokana na dawa aliyonunua kuuponya.

Ugomvi wenyewe wa choya na vidonge, kwa maoni yangu, unapaswa kuhamia kwenye sahani. Ugali wa uwele au mtama una chuma, ila kimefungwa na faiteti, kemikali ya asili ya nafaka inayokizuia kufyonzwa, na chai ya rangi ikifuata mara baada ya kula, tanini humalizia kazi. Bibi zetu walioloweka na kuotesha nafaka wapate kimea cha togwa walikuwa wanazipunguza hizo faiteti bila kujua jina lake. Ubuyu nao una vitamini C nyingi kuliko chungwa, gramu kwa gramu. Unga wake ukikorogwa kwenye maji ya baridi na kunywewa pamoja na ugali na mlenda, chuma cha nafaka hufyonzwa vizuri zaidi. Nasema ule unga mweupe, siyo ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu ambao watoto wanalamba mpaka ulimi unawaka.

Unga wa viwandani huongezewa chuma, zinki, foliki na vitamini B12, lakini anayesaga debe lake kwenye mashine ya mtaani hafikiwi. Na kama ana minyoo ya safura, hata unga huo unaishia kuwalisha minyoo.

Nilimshauri avinywe vidonge baada ya chakula cha usiku, chai aisogeze mbali, na amweleze mkunga habari ya tumbo badala ya kuviacha kimyakimya. Choya anywe, haina ugomvi na mimi. Alifungua chupa ya kwanza palepale. Ya pili, akasema, ni ya mume wake, ambaye damu yake ni ya kutosha ila anaipenda ile rangi.