Mpeni maiki ambaye bado hajajibiwa

Katika makanisa mengi ya hapa Kisumu, muda wa ushuhuda siku ya Jumapili ni wa waliopata. Husimama aliyeajiriwa na kaunti, akafuata aliyepata mchumba, na yule ambaye visa yake ya Qatar imetoka. Vigelegele vinapigwa, kinanda kinaitikia, maiki inapokezwa mwingine. Naupenda sana muda huo na naamini Mungu hufanya hayo yote. Lakini kwenye viti vile vile vya plastiki huwa ameketi mtu aliyeomba jambo lile lile, akafunga, akahudhuria kila kesha, na jibu halijaja. Huyo hatumpi maiki. Tunamshika mkono mlangoni na kumwambia aongeze imani.

Ninaamini tunakosea hapo, tena pakubwa. Nikitaka kujua maana ya kumtafuta Mungu kwa moyo wote, afadhali niketi karibu na yule anayengoja.

Nasema haya kwa sababu ya dada yangu. Mtoto wake wa pili ana selimundu, ugonjwa ambao nyumba nyingi za ukanda huu wa ziwa, kuanzia Migori hadi Busia, zinaujua vizuri kuliko ambavyo zingependa. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo na kuizuia damu kupita. Mtoto anaanza kulia mifupa. Wakati mwingine macho yanageuka manjano, damu inapungua, na homa ikipanda ni lazima akimbizwe hospitali bila kungoja kuche. Dada amejifunza kumkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kumnywesha maji mengi, na kumpigia simu jirani mwenye bodaboda kabla hali haijaharibika. Analipa bili kwa harambee na kwa pesa za chama. Na anaomba. Sijamjua mtu anayeomba kama yeye.

Watu walimpa maelezo kabla hajayauliza. Wengine walisema ni chira, yaani adhabu ya kuvunja mwiko. Wengine wakasema ni laana ya upande wa baba ya mtoto, kwamba kuna jambo lilitendwa zamani na halikutubiwa. Na mhubiri mmoja alimwambia kwamba dawa zile ni ushahidi wa mashaka, aziache kwa siku saba za maombi, na apande mbegu ya pesa madhabahuni. Pesa alitoa. Dawa hakuacha, na kila nikikumbuka hilo namshukuru Mungu.

Swali la nani alikosa si geni. Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Jibu liko Yohana 9, aya ya tatu: “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Ninatamani aya hiyo isomwe kwa sauti katika kila nyumba yenye mtoto wa selimundu, ikiwezekana wakiwepo mama mkwe na mashemeji wote.

Maana ugonjwa huu una historia ambayo haihusu dhambi ya mtu yeyote. Mtoto huupata akirithi chembe ya urithi yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyerithi moja tu kwa kawaida haugui, na tena hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alichapisha uchunguzi wake uliofanyika Afrika Mashariki ukionyesha uhusiano huo: mahali penye malaria nyingi, kama huku kwetu ziwani, ndipo chembe hiyo ya urithi imeenea. Kwa maneno mengine, kitu kile kile kinachomtesa mpwa wangu yaelekea kiliwahi kuwaokoa baadhi ya babu zetu na malaria utotoni. Wazazi wote wawili wakiwa na moja moja, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Sileti haya kama jibu la kwa nini Mungu ameruhusu. Dada yangu hajapata jibu hilo, nami sina. Nayaleta kwa sababu mama aliyebebeshwa laana ambayo si yake hawezi kumkaribia Mungu akiwa ameinua uso.

Nirudi kwenye kutafuta. Katika Yohana 6 umati unamtafuta Yesu kwa bidii kuliko wengi wetu. Wanapanda mashua, wanavuka ziwa hadi Kapernaumu, wanampata. Sisi tunaoishi karibu na ziwa tunaelewa kuvuka si jambo dogo. Naye anawaambia: “Ninyi mnanitafuta, si kwa sababu mliona ishara, bali kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba.” Hakuwalaumu kwa kuwa na njaa, jana yake ndiye aliyewalisha. Alichokataa ni kufanywa njia ya kupitia kwenda kwenye mkate. Kufikia mwisho wa sura hiyo wengi wamerudi nyuma, na anawauliza wale Thenashara kama nao wanataka kuondoka. Petro anajibu, “Bwana! Twende kwa nani?”

Napenda kwamba Petro hakusema ameelewa. Mafundisho ya siku ile yalikuwa magumu kwake kama yalivyokuwa kwa wengine. Alibaki tu na Mtu, wakati sababu nyingine za kubaki zilikuwa zimeondoka.

Ninajua nitakayojibiwa: imeandikwa ombeni, nanyi mtapewa. Ndiyo, na tuombe, tena tutaje mahitaji yetu kwa majina, kodi ya nyumba, karo, mume, mvua. Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Ninachopinga ni ile hesabu ya kwamba asiyepata hakuamini. Hesabu hiyo haiwezi kusimama mbele ya Paulo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe mwilini mwake, akaambiwa, “Neema yangu yakutosha.” Na kuna sentensi moja fupi karibu na mwisho wa barua yake ya pili kwa Timotheo ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa: Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Mtume ambaye leso zake ziliwaponya watu kule Efeso alimwacha rafiki yake kitandani akaendelea na safari, na hasemi kwamba Trofimo alipungukiwa na imani.

Kilichonigusa kwa dada ni jinsi maombi yake yalivyobadilika. Zamani aliomba kwa lugha ile tuliyofundishwa, ya kutangaza na kukiri ushindi, hata nyumba ikiwa na kilio. Siku hizi anamwambia Mungu kweli. Nimemsikia akisema, “Baba, leo nimechoka nawe.” Mara ya kwanza nilishtuka. Baadaye nikafungua Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na kuishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shukrani mwishoni. Na imo ndani ya Biblia, imeimbwa na watu wa Mungu kwa karne nyingi. Mtu anayemlalamikia Mungu uso kwa uso, usiku, akiwa amempakata mtoto, bado anazungumza naye. Aliyeacha kumtumaini hanyanyui sauti. Hana wa kumnyanyulia.

Nyanya yetu alikuwa wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na kufika huku Nyanza. Wale wazee walikuwa na mambo yao, na kuna ukali wao ambao siutamani urudi. Lakini walisisitiza kutembea nuruni: katika ushirika mtu alisema deni alilokataa kulipa, chuki aliyoificha, mashaka yaliyomsumbua. Hawakungoja jambo liishe ndipo walitaje. Ushuhuda wao ulikuwa na “bado” nyingi ndani yake. Sisi tumeupunguza ukawa orodha ya yaliyofanikiwa, kisha tunashangaa kwa nini wenye mizigo mizito wanahama kanisa kimyakimya, au wanazunguka kutoka kwa nabii mmoja hadi mwingine, kila mahali wakiacha pesa ya dawa.

Kwa wachungaji wetu ninaomba jambo dogo. Jumapili moja kwa mwezi, mwiteni mbele mtu ambaye hajajibiwa. Msimwombee kwanza ili anyamaze. Mwacheni aeleze amemwonaje Mungu katika kungoja, na akisema hajamwona, mwacheni aseme hivyo pia, kanisa liketi naye. Dada yangu aliwahi kupewa nafasi hiyo katika ushirika wa akina mama. Alisema mtoto hajapona, kwamba haijui kesho, na kwamba kama angepewa leo achague kati ya majibu yote na Mungu mwenyewe, hajui angechagua nini mchana, lakini usiku wa maumivu anajua, maana ndiye anayekuwa naye chumbani. Baada ya ibada wanawake watatu walimfuata nje. Wote walikuwa na watoto wa selimundu, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Na kama unasoma haya na una mtoto kama huyo, na kuna mtu amekuambia kwamba ukimpa dawa umemkosea Mungu, tafadhali usimsikilize. Dawa ya haidroksiyurea, kwa mtoto aliyeandikiwa na daktari, hupunguza vipindi vya maumivu. Neti inamkinga na malaria, ambayo kwake ni hatari kubwa. Homa ni ya kupeleka hospitali usiku huo huo. Mpe dawa yake jioni ya leo, weka mkono juu yake, mwombee, na kesho asubuhi uanze tena.