Aldabra: Tani 25 Hazipimwi kwa Mzani Peke Yake

Mwaka 2019 timu ya watu 12 kutoka Shelisheli na Oxford ilikaa Aldabra, visiwa vya mbali vya Shelisheli katika Bahari ya Hindi, wiki tano na kuondoa tani 25 za taka za plastiki zilizoletwa na bahari. Mwaka uliofuata yakachapishwa makadirio ya kilichobaki: tani 513. Tangu hapo wanaopinga usafishaji wana hoja fupi mkononi. Zaidi ya dola 220,000 zimekwenda kuondoa chini ya asilimia 5 ya taka, na mkondo haujaacha kuleta nyingine. Hesabu hiyo ni sahihi. Inachokosea ni kudhani kwamba taka zote za Aldabra zina madhara sawa popote zilipolala.

Aldabra iko takribani kilomita 640 kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi inayoimiliki. Ni atoli, yaani visiwa vya matumbawe vilivyojipanga kama pete, iliyoinuka: mwamba wa matumbawe ya kale, wenye umri wa miaka kama 125,000, uliosimama mita chache juu ya maji. Visiwa vinne vikubwa, Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie, vimelizunguka ziwa la bahari lisilo na kina kirefu. Maji huingia na kutoka kupitia milango michache, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Boti iliyochelewa kutoka hukwama hadi maji yajae tena.

Uso wa mwamba wenyewe ndio adui wa pili. Sehemu kubwa umeliwa na mvua na chumvi hadi ukawa ncha na mashimo. Soli ya kiatu huchanika upesi, na mzigo wa kamba zilizolowa haubebeki bila mtu kuangalia kila hatua anapokanyaga. Taka nyingi ziko pwani ya kusini ya Grande Terre, upande unaopigwa moja kwa moja na kusi. Upepo ule ule unaozirundika ndio unaozuia boti kukaribia. Kwa hiyo kazi hufanywa kabla kusi haijaanza: kukata kamba na nyavu zilizojifunga kwenye mawe, kuzitia magunia, kuzirundika juu ya mstari wa maji kujaa, kisha kuzivusha kidogo kidogo kwa boti ndogo hadi kwenye meli iliyo nje ya mwamba.

Hapo ndipo lilipo fumbo la gharama. Makadirio yanasema kuondoa tani zote 513 kungehitaji saa 18,000 za kazi na dola milioni 4.68. Gawanya: saa 35 kwa tani. Kwa tani 25 ni saa kama 880, yaani saa 73 hivi kwa kila mmoja wa wale 12. Mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku angezimaliza ndani ya siku tisa au kumi, nao walikaa wiki tano. Muda uliosalia humezwa na maji, safari, kuhamisha kambi na kusubiri chombo. Kinacholipiwa hapa hasa ni umbali, na umbali haupungui kwa kuahirisha kazi. Plastiki ndiyo inayobadilika: jua huikausha, mawimbi huivunja, na kamba ambayo leo inabebwa na watu wawili baadaye itakuwa nyuzi zilizosambaa mchangani, zisizookoteka kwa bei yoyote.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi ya ile ya asilimia. Wanasema anayesafisha anamwondolea mchafuzi aibu. Wanasema pia taka za Aldabra huishia Mahé, kwenye jaa la Providence, katika nchi ambayo ardhi tambarare ni haba kuliko dhahabu. Wengine wanakumbusha kuwa atoli hii ina panya na paka wa kuletwa wanaokula ndege na mayai, na kwamba dola hizo hizo zingeanza kazi ya kuwaondoa, ambayo ikikamilika imekamilika. Hoja ya panya haipuuziki hata kidogo. Akilazimika kuchagua moja, mtu mwenye busara anaweza kuichagua hiyo.

Lakini tazama taka zenyewe ni nini. Kwa hesabu ya vipande, ndala ndizo zinazoshangaza watu: zinakadiriwa kufika 360,000. Picha zake hupendwa sana magazetini. Kwa uzito, hata hivyo, asilimia 83 ni zana za uvuvi: kamba, nyavu, maboya. Ndala iliyolala juu ya mwamba haimzuii kasa kupanda. Rundo la kamba kwenye fukwe za kutagia humzuia. Anageuka na kurudi baharini bila kutaga, au ananaswa.

Kasa hao ni akiba iliyogharimu nusu karne. Walivuliwa hapa kwa miongo mingi hadi walipolindwa mwaka 1968. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viota vya kasa wa kijani vilikuwa 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 2010 vilizidi 15,000. Tani moja iliyotolewa kwenye ufukwe wa viota haiwezi kuhesabiwa sawa na tani iliyokwama penye mwamba mtupu. Asilimia 5 iliyochaguliwa vizuri inaweza kuwa sehemu kubwa ya tatizo.

Ile asilimia 83 yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliozishika taka, wakazitenganisha na kuzipima. Bila usafishaji, lawama ingebaki kwa ndala na chupa za wakazi wa pwani za mbali, na meli za jodari, zinazotumia zana kama hizo, zisingetajwa. Hata kasi ya taka kufika haijulikani mpaka ufukwe usafishwe kabisa, kisha urudiwe baadaye kupimwa upya. Anayedai ushahidi kwanza na usafishaji baadaye anadai vitu viwili ambavyo hapa ni kazi moja.

Kuhusu kukata tamaa, Aldabra ina mfano wake. Mbuzi waliletwa kabla ya mwaka 1900 na wakala majani na vivuli ambavyo kobe wakubwa, leo wapatao 100,000, wanavitegemea wasife kwa jua. Kampeni za kuwaondoa zilianza 1987 na kuisha 2012. Wa mwisho walipatikana kwa kuwafunga mbuzi wachache kola za redio na kuwaachia. Mbuzi hapendi upweke, akawaongoza wawindaji hadi kwa wenzake waliojificha. Katikati ya miaka hiyo 25 kungekuwa na asilimia nyingi za kukatisha tamaa.

Basi tuje kwenye fedha. Kwa mwendo wa tani 25 kwa msimu, kilichopo kingechukua misimu ipatayo 20, kila mmoja kwa dola kama 234,000. Tani ya jodari wa kiwandani ikiuzwa dola 1,500, hiyo ni thamani ya tani 156. Meli moja kubwa ya nyavu za kuzungushia hubeba zaidi ya tani 1,000. Shelisheli inasita kubana meli hizo kwa sababu inayoeleweka: bandari ya Victoria na kiwanda chake cha kusindika jodari vinalisha familia nyingi. Ila kiasi kinachotakiwa si cha kufukuza meli. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi tayari inaweka kikomo cha maboya ya kuvutia samaki kwa kila meli, na kila boya la setilaiti linaloonyesha yalipo lina namba yake. Likikutwa Grande Terre, mwenyewe anajulikana, na ankara ya dola 9,000 kwa tani ina mahali pa kupelekwa. Ikilipwa, iingize pia gharama ya kuzisafirisha kamba hizo nje ya Mahé, maana kuhusu Providence wapinzani wako sahihi.