Tofauti haipo kwenye mapambo

Makala yenu inasema kwamba trela za kulala wageni, yaani vyumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari, katika kambi za kifahari za Marekani ni zilezile zinazouzwa kwa familia, ila zimepambwa zaidi. Naomba kutofautiana nayo, kwa sababu jambo kubwa hapa ni uzito na maji.

Trela ya familia huvutwa barabarani kwa gari la kawaida la pikapu, kwa hiyo mtengenezaji huhesabu kila kilo: kuta nyembamba na makabati mepesi. Mara nyingi huwa pia na jokofu linaloweza kutumia gesi pale umeme unapokosekana, na matangi matatu ya chini, yaani la maji safi, la maji ya kuogea na la choo. Tangi hilo la mwisho mwenyewe hulimwaga kwa mkono wake, kazi ambayo picha za matangazo haziionyeshi kamwe.

Trela ya kukodisha, kama zile za chapa ya Airstream zilizoko katika kambi za kampuni ya AutoCamp, hukaa mahali pamoja ikiwa imeunganishwa na umeme, maji na bomba la majitaka, hivyo inaweza kubeba godoro zito na bafu la kweli. Wageni wapya huingia kila baada ya siku chache. Ndiyo maana sakafu na bawaba lazima ziwe ngumu kuliko za familia inayosafiri wiki mbili kwa mwaka. Anayetaka kununua ya dukani ili aikodishe asome kwanza dhamana ya mtengenezaji, kwani nyingi hazihusu matumizi ya kibiashara.