Gari haliwaki baada ya kubadilisha mkanda wa taiming? Acha sensa, rudi kwenye alama

Gari lililokuwa linawaka asubuhi, likafunguliwa mchana mkanda wa taiming (unaounganisha kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, shafti inayofungua valvu), jioni likagoma, halijaugua sensa ndani ya saa hizo chache. Tatizo liko pale mkono ulipogusa. Hata hivyo watu wengi hukimbilia dukani kununua koili, pampu ya mafuta, hata kontroli boksi, kabla ya kufungua tena kava na kutazama alama za kranki na kemshafti zinazotakiwa kulingana. Ni hela inayotupwa, na inaniuma kuona inatupwa.

Nachukua mfano wa 5A-FE na 4A-FE, zile injini za Toyota Corolla za familia ya AE100 na AE110 zenye distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Uzuri wake ni kwamba mkanda ukikosewa, valvu na pistoni hazigongani, kwa hiyo kosa linarekebishika.

Anza na nyaya za plagi. Ili kuiona vizuri alama ya juu lazima kava la valvu litoke, na nyaya hutoka nalo. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa upande wa mkanda. Nyaya mbili zikibadilishana, injini inatetemeka na kulipuka kwenye ekzosi, na mtu anaapa kwamba mkanda umeruka. Chungulia pia kwenye mashimo ya plagi: raba za kava zikikaa vibaya, oili inajaa mle na moto unavuja. Mpira wa hewa wa kava ukisahaulika, injini inapanda na kushuka yenyewe bila kukanyagwa mafuta.

Hapo kote pakiwa sawa, rudi kwenye alama. Toa plagi zote nne ili injini iwe nyepesi, weka spana ya boksi namba 19 kwenye bolti ya puli ya kranki, uzungushe kufuata saa hadi mkato wa puli ufike 0 kwenye kava. Juu, tazama tundu dogo lenye herufi K kwenye gia ya kemshafti: kupitia tundu hilo uone alama ya kepu ya beringi ya kwanza, katikati kabisa, si pembeni. Ukiona nusu ya alama tu, shuku mkanda umekosewa jino moja. Ukipitiliza usirudishe nyuma, kwa sababu ulegevu wa mkanda unahamia upande mwingine na alama zitakudanganya. Zungusha tena mizunguko miwili kamili.

Kama K iko chini wakati puli inasoma 0, usiguse mkanda. Kranki inazunguka mara mbili kemshafti ikizunguka mara moja, kwa hiyo pistoni ya kwanza imefika juu kwenye mzunguko wa kutoa moshi. Ongeza mzunguko mmoja na K itapanda. Watu wamefumua kazi iliyokuwa sahihi kwa kutojua hili. Na mistari iliyochapwa kwenye mkanda mpya isikusumbue baada ya kuzungusha: haitarudi kwenye alama upesi. Kinachosema kweli ni gia. Puli nayo si ya kuaminiwa moja kwa moja, maana ina raba katikati, na ikizeeka pete ya nje huteleza. Ukiwa na shaka, ivue utazame alama ya gia yenyewe dhidi ya ile ya bodi ya pampu ya oili.

Sasa lile linaloniudhi zaidi. Injini inawaka lakini nzito, haivuti mlimani, inakunywa mafuta; fundi analegeza distribyuta na kuizungusha mpaka mlio utulie, kisha anakabidhi gari. Distribyuta inazungushwa na kemshafti. Gia ya kranki yenye meno 24 ikikosewa jino moja, umepoteza digrii 15, za moto na za valvu kwa pamoja. Kuzungusha distribyuta kunarudisha moto tu. Valvu zinabaki zinafunguka na kufunga wakati usio wake. Sahihisha mkanda kwanza, kisha unganisha pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia na upime moto kwa taa ya taiming: digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Mluzi mwembamba unaopanda na mwendo ni mkanda uliokazwa mno. Mlio wa kupigapiga kava ni mkanda uliolegea. Ukiubonyeza kwa nguvu ya kilo 2 unatakiwa kuingia milimita 5 hadi 6. Bolti ya puli ya kranki ikazwe Nm 118. Ikilegea, kii (kipande cha chuma kinachoshikilia gia kwenye kranki) inakula mfereji wake, na hapo unatafuta kranki nyingine.

Stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida bila kukazana, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini nzima husoma karibu bar 13; chini ya 10 kwenye silinda zote, alama zako ziko mbali.

Wenye injini za dizeli za Toyota, 2C na 3C, wasijaribu kwa stata hata mara moja kabla ya kuzungusha kwa mkono mizunguko miwili. Huko valvu hugonga pistoni. Mkono ukikwama, simama hapo hapo, usiongeze bomba kwenye spana. Mkanda huohuo unazungusha pampu ya dizeli, hivyo moshi mweupe na kuwaka kwa shida ni pampu iliyochelewa jino, na mlio mkali wa vyuma kugonga ni pampu iliyotangulia.