Kikombe cha Senene Kimepanda Kitako

Bei iacheni, bei tulishaizoea kama vumbi. Kilichopanda msimu huu ni kitako cha kikombe. Kwa nje, kikombe cha plastiki cha muuza senene, wale panzi wa kuliwa, kinatosha kumnywesha maji mtu aliyetoka kulima. Chungulia ndani sasa: kitako kimepashwa moto, kikasukumwa juu hadi karibu katikati, kikaachwa kipoe hapo hapo. Unalipia kikombe, unapewa kisosi.

Na wanajua hatuna pa kukimbilia. Senene hawamsubiri mtu. Wanakuja na mvua, kundi kubwa mwezi wa Novemba, ambao Waganda waliona wauite kabisa Musenene yaishe, na kundi dogo la Aprili na Mei kwa wenye bahati. Mwezi mpevu ukiangukia katikati ya msimu, ole wetu: anga lote linang'aa, na balbu za watega senene kule Masaka hazina wa kumvuta. Mtu kasimamisha mabati yake, kapanga mapipa chini yake, kafukiza majani mabichi ili moshi uwalevye wadudu watereze ndani, kawasha taa ya kuunguza nyusi, na umeme unakatika. Hasara hiyo inasafiri usiku kucha hadi Kampala, inafika asubuhi, inaingia kwenye kikombe chetu.

Tumchukue mnunuzi mmoja, mtu mzima, koti limepigwa pasi, kakaa dirishani kwenye taksi, yaani daladala, ya kwenda Jinja. Taksi haijajaa. Anakuja muuzaji na beseni.

"Ssebo, bwana, senene wa moto! Onja kwanza."

Anaonja mmoja, anavunjika mdomoni kama kaki. Bila shaka atavunjika: wa kuonja ni wa juu, wamekaangwa alfajiri hii. Wa kuuzwa wako chini ya beseni tangu jana jioni. Mwenye akili haonji wa juu. Anaingiza mkono hadi chini, anamchukua wa kule, anambonyeza kwa kucha. Akilia kakaka, nunua. Akilala kama hindi lililochemshwa, mwambie muuzaji safari njema. Mnunuzi wetu mstaarabu haingizi mkono kwenye beseni la mtu.

"Kikombe kiasi gani?"

"Elfu kumi tu, ssebo."

"Elfu kumi! Jana haikuwa hivyo."

"Wa jana walikuwa na mabawa."

Na hapo, kwa haki ya Mungu, muuzaji ana hoja. Kuna walio hai na mabawa yao, hao ni rahisi, ila sehemu kubwa ya kilichojaza kikombe ni mabawa na miguu ya kutupa. Kuna walionyonyolewa wakiwa wabichi, hapo unalipia vidole vya mama aliyejipaka jivu viganjani ili wasimteleze, akakaa kwenye kigoda tangu giza. Halafu kuna waliokaangwa, unalipia vidole, mkaa, kitunguu na kelele. Rangi isikutishe, wa kijani na wa kahawia wote ni wazima. Mbichi wa kuepuka ni yule aliyefifia, analoa maji na kunuka samaki wa juzi.

Basi mnunuzi anakubali, na upimaji unaanza. Muuzaji anakishika kikombe kidole gumba nje, vidole vinne ndani. Vinne! Anachota. Anaongeza juu, anaongeza tena, mlima unasimama kama Rwenzori. Abiria wote wanautazama, hata konda kanyamaza. Kisha anaupeleka mdomoni mwa kavera, ule mfuko wa plastiki, mkono unapinda kidogo tu, na Rwenzori yote inaporomoka kurudi beseni. Kilichoingia kwenye kavera ni kile kilichokaa kati ya vidole na kitako kilichopanda.

"Bwana, hebu rudia, na vidole vikae nje," anasema mnunuzi, bado kwa sauti ya mkutano.

"Ssebo, vidole ndivyo vinavyoshika kikombe."

"Shika kwa nje!"

"Kwa nje kinateleza, kina mafuta."

Bibi wa kiti cha nyuma anatoa kopo lake la chai mkobani: pima na hili. Muuzaji analitazama kopo kama askari anavyotazama leseni iliyokwisha muda. Hilo si la biashara, anasema. Mnunuzi kashatoa kichwa na bega dirishani, tai inaning'inia ndani ya beseni, heshima iliteremka zamani. "Nyongeza! Tia nyongeza basi!" Anatiwa nyongeza: senene sita na kipande cha kitunguu. Anatoa noti ya elfu ishirini, na wakati huo huo taksi ambayo haikujaa saa nzima inajaa. Inaondoka. Chenji inabaki ikikimbia nyuma yake hadi getini, halafu inachoka.

Ukitaka amani, kaanga mwenyewe. Nunua wabichi walionyonyolewa, waoshe mara tatu au nne hadi maji yatoke meupe, maana bawa moja lililobaki litakuwasha koo hadi Krismasi. Sufuria pana, kavu. Mafuta usitie, wanayo yao. Kwanza watatoa maji na kuchemka humo humo, usishtuke, endelea kugeuza kwa moto wa wastani. Maji yakikauka ndipo mafuta yao yanatoka, ndipo utie kitunguu na chumvi. Geuza hadi wawe na rangi ya dhahabu na walie wakigonga sufuria. Usifunike, mvuke utawarudisha kuwa uji. Usijaze sufuria, watapikika badala ya kukaangika. Na usiwatie kwenye kavera wakiwa moto, watatoka jasho na kulegea, ugonjwa ule ule wa beseni la taksi paki.

Hoteli za mchana nazo! Unauliza kuna nini, unajibiwa "chakula kipo". Chakula ni ndizi za matoke, posho ambayo ni ugali, wali, muhogo, viazi na boga, vyote kwenye sahani moja. Bei inafuata mchuzi. Uliza mchuzi kwanza. Na wahi kabla ya saa saba, baada ya hapo binyebwa, mchuzi wa karanga, inaongezwa maji moto hadi unauona uso wako ndani.

Rolex ya kando ya njia, mayai yaliyoviringishwa kwenye chapati: mayai mawili, kitunguu, nyanya, kabeji, chumvi. Nyanya zikizidi zinatoa maji na yai linakataa kushikana. Na hayo mayai yanapigwa wapi? Kwenye kikombe cha plastiki. Kile kile!

Tumrudie mtu wetu. Jirani yake kwenye kiti ni wa ukoo wa Nsenene, ukoo wa Waganda ambao ni mwiko wao kumla senene, na kakaa na pua yake wima, mtakatifu, huku kavera inanukia kitunguu. Huyo ndiye mtu pekee Kampala nzima aliyemaliza Novemba na pesa zake. Wakifika Namawojjolo, soko la kando ya barabara ya Jinja, taksi inapunguza mwendo, mikono ishirini inaingia dirishani na kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma. Gonja chagua lililochomwa likiwa limeiva hadi ganda lina madoa meusi, la njano tupu ni gumu katikati. Kuku mtazame karibu na mfupa, ukiona wekundu mrudishe kabla dereva hajatia gia. Noti iwe kamili, chenji tumeshaona inavyokimbia. Na kijiti usikitupe chini ya kiti, kuna mtu kavua viatu.